Majumba manne ya sanaa jijini Paris: uwe mgeni wa nani?

Kwenda Louvre hakuhitaji ushauri. Anayefika Paris kwa mara ya kwanza ataenda tu: atapanga foleni, ataitazama Mona Lisa kwa mbali juu ya vichwa na simu za watu, na atatoka jioni nyayo zinamwaka moto. Swali ninaloulizwa na ndugu na marafiki wanaopita hapa ni la siku ya pili, ile siku mtu amebakiwa na saa tatu au nne, hamu ya sanaa bado anayo, ila nguvu ya kukimbizana na umati imemwishia. Jibu langu halibadiliki: nenda kwenye jumba. Ugumu ni kwamba majumba ni mengi, na mtu akishasoma majina yote hubaki palepale alipoanzia.

Jumba ninalolisema Wafaransa huliita hôtel particulier. Neno hilo la kwanza lisikuchanganye. Hapa si hoteli ya kulala wala ya kula, ni nyumba ya mjini ya familia moja yenye uwezo. Kwa kawaida ina lango zito mtaani, nyuma ya lango kuna ua ambamo magari ya farasi yaligeuzia, kisha nyumba yenyewe, kisha bustani. Aliyekulia Mji Mkongwe wa Unguja au Lamu ataielewa upesi, maana njiani anaona ukuta na mlango, na uzuri wote umefichwa ndani.

Ninalinganisha manne. Jacquemart-André liko kwenye barabara ya Haussmann, namba 158. Nissim de Camondo liko mtaa wa Monceau, namba 63, ubavuni mwa bustani ya Monceau, na kutoka lile la kwanza unaweza kulifikia kwa miguu bila kuchoka. Cognacq-Jay limejificha katika vichochoro vya Marais. La nne ni makumbusho ya mchongaji Auguste Rodin, ng'ambo ya mto Seine, karibu na kuba la dhahabu la Invalides. Lile la Picasso nimeliacha nje ya hesabu ingawa nyumba yake ina jina tamu, Hôtel Salé, yaani jumba lenye chumvi, kwa sababu aliyelijenga karne ya 17 alitajirika kwa kukusanya kodi ya chumvi. Nimeliacha kwa kuwa Picasso ni mkubwa mno, anaimeza nyumba. Ukitoka pale unakumbuka michoro, kuta huzikumbuki.

Nilivyoyapima

Nimetumia vipimo vinne. Kwanza, nyumba na wenyewe: je, bado ni nyumba, au zimebaki kuta za kutundikia picha? Pili, sanaa iliyomo. Tatu, muda na miguu. Nne, mfuko, pamoja na siku za kufunguliwa.

Nimeitanguliza nyumba kabla ya sanaa kwa makusudi. Katika makumbusho makubwa unakwenda kuona vitu, katika jumba unapokewa na mtu. Mwenyeji alishakufa zamani, lakini namna viti vilivyopangwa, ngazi anayokupandisha, picha aliyoichagua ikae karibu na kitanda chake, vyote ni vyake. Kwa hiyo kabla ya kuuliza jumba gani lina mchoro unaojulikana zaidi, jiulize unapenda ukaribishwe na nani.

Nyumba na wenyewe

Édouard André alizaliwa mwaka 1833 katika ukoo wa matajiri wa benki, na jumba lake alilijengea karamu. Msanifu Henri Parent alilikamilisha katikati ya miaka ya 1870, na kila kona yake inazungumza habari za wageni. Ukumbi mkubwa wa mapokezi ulijengwa hivi kwamba kuta zake za kando ziliweza kushushwa chini ya sakafu kwa mitambo, vyumba vikaungana, na watu elfu moja wakaenea. Mwaka 1881 akamwoa Nélie Jacquemart, mchoraji ambaye miaka kadhaa nyuma alikuwa amemchora yeye mwenyewe picha ya sura. Hawakujaliwa watoto. Wakasafiri, hasa Italia, wakanunua, wakarudi, wakapanga na kupangua. Mume alifariki mwaka 1894. Mke akaendelea peke yake mpaka mwaka 1912, akaiachia Institut de France, taasisi ya wanazuoni wa Ufaransa, nyumba na vyote vilivyomo, na mwaka uliofuata milango ikafunguliwa kwa umma. Ndani yake bado unahisi nyumba ya watu wawili waliopendana kwa kununua pamoja. Vyumba vyao vya kulala viko chini, vidogo na vya faragha kuliko unavyotazamia baada ya kuona ule ukumbi.

Camondo ni habari nyingine, na nakiri hili ndilo linalonigusa zaidi. Moïse de Camondo alizaliwa Istanbul mwaka 1860, katika ukoo wa Wayahudi wenye benki uliohamia Paris yeye akiwa mtoto. Nyumba aliyorithi kwa wazazi wake aliibomoa, na kati ya mwaka 1911 na 1914 msanifu René Sergent akamjengea nyingine kwa mfano wa Petit Trianon, kasri dogo la kifalme huko Versailles. Umbo ni la karne ya 18, kwa sababu hiyo ndiyo karne aliyoipenda mpaka akaamua kuishi ndani yake, lakini lifti, mabafu na maji ya moto ni vya karne ya 20. Alikusudia mwanawe Nissim airithi. Nissim alikuwa rubani wa kijeshi, na Septemba 1917 aliuawa katika mapigano ya angani. Baba akaishi miaka mingine 18 katika nyumba kubwa mno kwake, akiendelea kutafuta kiti kilichopotezana na wenzake au zulia la pili la jozi. Alipofariki mwaka 1935, wosia wake ulitaka jumba lipewe umma, libebe jina la mwanawe, na vitu vibaki alivyoviacha. Kwetu tungesema ameiweka wakfu.

Yaliyofuata ni mazito. Binti yake, Béatrice, mume wake Léon Reinach, na watoto wao wawili, Fanny na Bertrand, walikamatwa wakati wa vita vya pili na kupelekwa Auschwitz mwaka 1943 na 1944. Hakurudi hata mmoja. Ukoo uliotoa kijana wake kufia Ufaransa, na ukaipa Ufaransa nyumba yake, uliishia hivyo, na kumbukumbu yao imeandikwa kwenye bamba pale jumbani.

Nilimpeleka shangazi yangu pale. Vyumba vya juu alivipita kimya, mikono nyuma, kama mtu aliyeambiwa asiguse kitu. Tulipofika jikoni akasimama. Kuta zote ni vigae vyeupe, sufuria za shaba zimepangwa, na katikati kuna jiko la chuma ambalo wapishi walilizunguka pande zote. Akalitazama kwa muda. "Hapa ndipo nyumba ilipo, mwanangu," akasema. "Kule ni kwa wageni." Baadaye tukafika kwenye vyumba vya Nissim, kwenye picha yake akiwa amevaa sare. Akauliza alikuwa na umri gani. Nikamwambia miaka 25. Akatikisa kichwa: "Na huyu ndiye waliyekuwa wakimpikia."

Cognacq-Jay, kwa kipimo hiki cha kwanza, lina upungufu ambao ni haki kuusema: wenyeji hawakuwahi kulala humo. Ernest Cognacq alianza maisha kwa uchuuzi, akiuza vitambaa kwenye daraja la Pont Neuf chini ya mwavuli. Mwaka 1870 alifungua duka lake, La Samaritaine, na pamoja na mkewe Marie-Louise Jaÿ, aliyekuwa muuzaji hodari katika duka jingine kubwa, wakalikuza likawa moja ya maduka makubwa ya mji. Nao hawakupata watoto. Mkusanyo wao uliachiwa jiji la Paris mwaka 1928, ukaonyeshwa kwanza kwingine, na mwaka 1990 ukahamishiwa Hôtel Donon, jumba la mwishoni mwa karne ya 16 lililoko mtaa wa Elzévir. Kwa hiyo nyumba ni ya mtu mmoja na vitu ni vya watu wengine. Ajabu ni kwamba vinakaa pamoja kwa raha. Vyumba ni vidogo, mbao za kuta ni za rangi tulivu, sakafu inalia chini ya viatu, na mara nyingi utajikuta chumba kizima ni chako peke yako.

Nyumba ya Rodin imepitia mikono mingi kuliko zote. Ilijengwa kati ya mwaka 1727 na 1732 kwa ajili ya Abraham Peyrenc de Moras, aliyetoka kwenye kazi ya kutengeneza nywele za bandia akawa tajiri wa fedha. Jina la Hôtel Biron linatokana na jemadari aliyeimiliki baadaye. Kuanzia mwaka 1820 ilikuwa shule ya masista, nao waliona vioo na nakshi za mbao havina nafasi katika malezi ya wasichana, wakaving'oa na kuviuza. Masista walipoondoka mwaka 1904 jumba lilikuwa linangoja kubomolewa, na huku linangoja likapangishwa kwa bei nafuu kwa wasanii. Mchoraji Henri Matisse alikuwa na shule yake humo, mcheza dansi Isadora Duncan alipanga, na mshairi Rilke ndiye aliyemjulisha Rodin. Mwaka 1908 Rodin akapanga vyumba vya chini. Mwaka 1916 akaipa serikali kazi zake zote, na makubaliano yakawa jumba ligeuzwe makumbusho yake. Alifariki Novemba 1917, na makumbusho yakafunguliwa mwaka 1919. Hakuishi humo kama André alivyoishi kwake, maana makazi yake yalikuwa Meudon, nje ya mji. Pale palikuwa pa kazi na pa kupokea wageni, na jumba bado lina ile hewa ya mahali pa kazi.

Kilichomo ndani

Ukitaka mabingwa wa kale, Jacquemart-André limeyaacha mengine matatu mbali. Anza na ngazi. Unapita bustani ya ndani yenye mimea na paa la vioo, mbele yako ngazi mbili za marumaru zinapinda kila moja upande wake, na ukiinua macho kuna umati wa watu ukutani, wamevaa hariri, wanakutazama kutoka juu. Ni mchoro wa Giambattista Tiepolo, uliochorwa kwenye lipu mbichi huko Mira, karibu na Venezia, unaoonyesha mfalme Henri wa Tatu wa Ufaransa akipokewa na familia ya Contarini. Wenye nyumba waliununua mwaka 1893, ukabanduliwa ukutani na kusafirishwa. Fikiria mtu ananunua ukuta wa nyumba nyingine ili aupandishie wageni wake ngazi! Juu kuna vyumba vya Italia: Botticelli, Mantegna, Bellini, na Mtakatifu George wa Paolo Uccello akimchoma joka.

Hata hivyo, mchoro ambao ningemshika mtu mkono nimpeleke ni mdogo, haufiki nusu mita kwa upana. Ni wa Rembrandt, kijana wa miaka ishirini na kidogo, kuhusu karamu ya Emau, pale wanafunzi wawili wanapomtambua Yesu aliyefufuka wakati wa kumega mkate. Wachoraji wengi wangemmulika Yesu usoni. Rembrandt ameificha taa nyuma yake, kwa hiyo Yesu ni kivuli cheusi tu kilichokatwa na mwanga. Mmoja wa wanafunzi amerudi nyuma, macho yamemtoka. Wa pili humwoni mara moja, unaona giza, kisha giza linageuka mgongo wa mtu aliyeanguka magotini na kiti chake kimepinduka. Kule mbali, mwanamke anaendelea na kazi za jikoni, hajui lolote. Sogea karibu, subiri macho yazoee. Nimeona watu wakiupita kwa sekunde tatu na kusonga mbele.

Camondo halina mchoro wa kukimbilia namna hiyo. Michoro ipo, ikiwemo ya Élisabeth Vigée Le Brun, na kuna chumba kizima chenye picha za wachungaji na wapenzi zilizochorwa na Jean-Baptiste Huet, lakini utajiri wake ni samani: makabati na meza za mafundi wa kifalme kama Oeben na Riesener, mazulia yaliyofumwa kwa ajili ya Louvre, vyombo vya fedha vilivyoagizwa na malkia Catherine wa Pili wa Urusi. Asiyependa mbao ataona viti vingi. Anayependa atainama kutazama jinsi vipande vya mbao za rangi mbalimbali vilivyounganishwa vikawa ua, mpaka mlinzi amkaribie. Mimi hupenda chumba kidogo cha kauri. Kimejaa sahani za kiwanda cha kauri cha Sèvres zenye ndege, kila ndege kwa umbo na rangi zake, kufuata vitabu vya elimu ya viumbe vya Buffon. Moïse alipokuwa hana wageni alikula humo, peke yake, amezungukwa na ndege.

Cognacq-Jay nalo ni karne ya 18, lakini kwa kipimo cha kiganja. Boucher, Fragonard, Chardin, Greuze na Canaletto wamo, ila mara nyingi kwa kazi ndogo, za kutazamwa kwa karibu. Kisha kuna makasha ya vioo yenye vijaluba vya ugoro vya dhahabu na rangi za kuchomwa, vikasha vya sindano, visaa vya mfukoni. Anayejua thamani ya kijaluba kilichotengenezwa vizuri atakaa hapo. Kuna pia Rembrandt wa mwaka 1626, mbichi kabisa, akiwa na miaka ishirini tu: punda wa Balaamu amepiga magoti, kinywa wazi, anamlalamikia bwana wake anayempiga, na malaika yuko nyuma yao na upanga. Punda ana meno, ana hasira, ana haki yake. Ukiuona huu asubuhi na ule wa Jacquemart-André alasiri, utashangaa kijana yule alivyokua kwa miaka michache.

Kwa Rodin, sanaa ni mtu mmoja, na hilo ni neema kwa wengine na mzigo kwa wengine. Vyumba vinakupitisha maisha yake kwa mfuatano, ikiwemo sanamu ya kijana mtupu wa shaba ya mwaka 1877 iliyomletea tuhuma kwamba aliikopi kwa kubandika plasta kwenye mwili wa mtu hai, maana watu hawakuamini kwamba mikono inaweza kufinyanga vile. Kuna busu la marumaru ambalo kila mtu analijua. Nje kuna mtu anayefikiri, kuna Lango la Jahanamu lililoagizwa mwaka 1880 ambalo yeye mwenyewe hakuwahi kuliona limemiminwa kwa shaba, na kuna wale raia sita wa Calais waliojitoa kwa mfalme wa Uingereza mwaka 1347 ili mji wao uokolewe. Wazunguke hao sita. Tazama mikono yao kuliko nyuso: mmoja amekamata ufunguo, mwingine amejishika kichwa, na kamba ziko shingoni.

Usitoke bila kuingia chumba cha Camille Claudel. Alikuwa mwanafunzi wake, msaidizi wake, mpenzi wake, na mchongaji kamili kwa nafsi yake. Mwaka 1913 familia ilimfungia katika hospitali ya wagonjwa wa akili, akakaa miaka 30 mpaka kifo. Kazi yake ya mwanamke aliyepiga magoti, mikono imenyooshwa kwa mwanamume anayevutwa mbali na kikongwe, imesimama leo ndani ya nyumba ya Rodin, na kwangu mimi hapo ndipo penye uzito kuliko pote humo. Humo humo kuna mchoro wa Van Gogh wa mzee Tanguy, muuza rangi za wachoraji, ambao Rodin aliununua mwenyewe.

Muda na miguu

Cognacq-Jay unalimaliza kwa saa moja, na hata nusu saa si aibu. Camondo na Jacquemart-André yanataka saa moja na nusu hadi mbili, ukisikiliza maelezo ya kifaa. Angalizo kuhusu Jacquemart-André: maonyesho yake ya muda huwekwa katika vyumba vidogo vya juu na huvuta watu wengi, kwa hiyo wikiendi unaweza kubanwa begani kwa bega huku vyumba vya nyumba vyenyewe vikiwa na nafasi. Fika mlango unapofunguliwa. Lina mgahawa katika chumba cha zamani cha kulia, chini ya dari la Tiepolo, na kwa miguu iliyochoka hiyo ni afueni ya kweli.

Rodin ni saa mbili, na siku ya jua ni nusu siku. Bustani yake ni ya takriban hekta tatu, ina mawaridi, miti, viti vya kukaa na nafasi ya mtoto kukimbia. Ikinyesha, thamani yake inapungua sana, maana nusu ya kilichokupeleka kiko nje. Ukishuka kituo cha metro cha Varenne utakuta nakala za sanamu zake jukwaani, na watoto hufurahia kuanza ziara chini ya ardhi.

Mfuko na siku

Mkusanyo wa kudumu wa Cognacq-Jay ni bure, kama ilivyo kwa makumbusho mengi ya jiji la Paris. Unalipa tu kwa maonyesho ya muda. Jacquemart-André ndilo ghali zaidi kati ya manne na halimo katika ile kadi ya pamoja ya makumbusho inayouzwa kwa watalii. Rodin na Camondo yamo. Rodin ni bure kwa walio chini ya miaka 18, kwa wakazi wa Umoja wa Ulaya walio chini ya miaka 26, na kwa kila mtu Jumapili ya kwanza ya mwezi kati ya Oktoba na Machi, ingawa siku hizo wenzako nao wamesoma tangazo hilohilo.

Jumatatu ni siku ya hatari. Rodin, Cognacq-Jay na Camondo hufunga. Niliwahi kumvusha mgeni mji mzima siku hiyo, tukakuta lango limefungwa na mvua inanyesha, naye treni yake ilikuwa jioni. Camondo lenyewe lilifungwa mwaka 2024 kwa ukarabati mkubwa, basi kabla ya kulipanga hakikisha milango iko wazi.

Yanayomfaa na yasiyomfaa

Jacquemart-André linamfaa anayetaka fahari na majina makubwa bila ukubwa wa Louvre, na pia mtu anayekwenda makumbusho kwa mara ya kwanza, kwa sababu nyumba inamfundisha kutazama. Halimfai anayechukia kusongamana, wala familia kubwa inayohesabu senti.

Camondo linamfaa anayependa ufundi wa mikono, anayetaka kujua nyumba ilivyoendeshwa kutoka jikoni hadi chumba cha wageni, na aliyewahi kufiwa. Watoto wadogo watachoka, maana kila kitu kiko nyuma ya kamba.

Cognacq-Jay linamfaa mtu wa vitu vidogo na mtu asiyetaka kelele. Anayetafuta kitu cha kumsimulia kila mtu nyumbani atatoka akiona hakupata.

Rodin linamfaa karibu kila mwenye mtoto, kila mwenye jua, na yeyote ambaye michoro haimwingii. Sanamu unaizunguka, huhitaji kujua historia kwanza. Asiyempenda Rodin, hata hivyo, hana pa kukimbilia mle ndani isipokuwa kwa Claudel.

Kwa hali yako

Ukiwa na saa moja tu kati ya miadi na miadi upande wa Marais, ingia Cognacq-Jay, mtafute punda, kaa chumba kimoja badala ya kupitia vyote.

Ukiwa na wazazi wenye magoti yanayouma, amua kwa hali ya hewa. Jua likiwaka ni Rodin, wakae kwenye benchi bustanini nawe uwaletee hadithi. Mvua ikinyesha ni Jacquemart-André, na uanze na mgahawa.

Ukiwa na watoto, Rodin, bila kufikiri mara mbili. Wape kazi ya kuhesabu mikono kwenye sanamu za Calais.

Ukiwa na siku nzima na Camondo liko wazi, liunganishe na Jacquemart-André, lakini anza na Camondo asubuhi, pumzika bustani ya Monceau mchana, kisha uende kwenye ile ngazi ya Tiepolo. Nimejaribu kinyume chake, na ile furaha ya karamu ilitufuata mpaka kwenye vyumba vya Nissim ambako haikuwa mahali pake.

Ukiwa umekuja kwa ajili ya mtu unayemwomboleza, nenda Camondo peke yako.

Na ikiwa siku uliyo nayo Paris ni Jumatatu, Jacquemart-André ndilo litakalokufungulia. Kata tiketi mtandaoni usiku wa kuamkia, fika asubuhi, pita vyumba vya chini kabla ya kupanda kwenye maonyesho ya muda, na mtafute Rembrandt kabla ya watu kujaa.